Mwalimu, Hiki Kitabu Ni cha Vita au cha Majani?

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu riwaya ya Dune ya Mmarekani Frank Herbert. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko zile za makala niliyoihangaikia mwezi mzima. Haya basi, leo ni hiyo tu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mombasa. Nimetazama filamu ya 2021 na ile ya 2024. Nilichoona ni visu, mnyoo mkubwa kama treni na kijana anayefanywa nabii. Wewe umesema ni riwaya ya mazingira. Mazingira gani, na kule hakuna hata mti?

Marahaba, mwanangu. Huko kukosekana kwa mti ndiyo hoja yenyewe.

Tafuta pale mwanzoni, familia ya kitawala inapohamia Arrakis, sayari ya jangwa. Nje ya jumba lao imepandwa mitende 20, na wapita njia wanaitazama kwa jicho baya. Daktari wa familia anapiga hesabu: mtende mmoja hunywa lita 40 kwa siku, na mtu mmoja humtosha lita 8. Basi mtende ni watu watano, na ile mitende 20 ni roho 100. Nilipokuwa nafundisha jiografia hapa Lamu niliiandika hesabu hiyo ubaoni bila kusema nimeitoa wapi. Watoto ambao kwao mtende ni tunda la kufuturia waliitazama kimya, kisha mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, wanaikata lini?"

Ukisoma, wewe fuata maji. Usihangaike na nani mwana wa nani. Kiongozi wa watu wa jangwani, Wafremeni, anaingia barazani kwa mtawala mpya na kutema mate juu ya meza. Walinzi wanataka kumrukia. Kumbe amemkirimu: amempa unyevu wa mwili wake. Baadaye mtu anauawa katika mapigano na maji ya maiti yake yanakamuliwa, yanapimwa, yanatoka lita 33 na ushei, nayo ni mali ya kabila. Yule kijana wako wa filamu anamlilia marehemu, na waliomzunguka wanashangaa kwa heshima kwamba huyu anampa maiti machozi. Hakuna mwandishi mwingine aliyenifanya nione haya kumwaga maji ya kikombe nilichosuuzia.

Na chimbuko lake si vita. Mwaka 1957 Herbert, wakati huo mwandishi wa habari, alikwenda Florence, mji mdogo wa pwani ya Oregon, Marekani. Mchanga wa matuta kule ulikuwa unahama na upepo na kufukia barabara. Wataalamu wa kilimo wa serikali walikuwa wanaupandia nyasi zilizotoka Ulaya ili mizizi iushike. Alikusudia kuandika makala ya gazeti. Makala hiyo haikuchapishwa, lakini yeye alikuwa keshanaswa. Riwaya ilianza kutoka kwa sehemu sehemu katika jarida la Analog kuanzia Desemba 1963, ikakataliwa na wachapishaji zaidi ya 20, na mwishowe mwaka 1965 ikachukuliwa na Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya mafundi magari. Fungua ukurasa wa kutabaruku: amewatabarukia wanaikolojia wa nchi kavu. Majemadari hawamo.

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Lile vazi lao linalokusanya jasho na kulirudisha kuwa maji ya kunywa, mtu anaweza kulishona kweli?

Kushona utashona, fundi. Kulivaa ndiyo kazi. Kitabuni vazi hilo linachukua jasho, mkojo na hata pumzi, linasukumwa na mwendo wa miguu, na mvaaji ananyonya maji kwa mrija shingoni. Maji yanayopotea kwa siku nzima hayazidi kastabini moja.

Tatizo ni joto. Jasho linatupoza kwa sababu likigeuka mvuke linaondoka na joto la mwili. Ukilizuia ndani ya nguo ligeuke maji tena, joto lile lile linakurudia. Hili silisemi kwa kusoma tu. Enzi za ujana wangu, kwa ubishi na mwalimu mwenzangu wa fizikia, nilivaa koti la mvua juu ya kanzu nikapanda matuta ya mchanga ya Shela, hapa hapa Lamu, saa saba mchana. Nilifika hatua 200. Nilipolivua, mikono ya koti ilimwaga maji, na kichwa kilinigonga mpaka adhana ya magharibi. Mwenzangu alikuwa amekaa kivulini chini akila embe.

Assalaam alaykum Mwalimu. Nakuandikia kutoka Muscat. Nimefungua kitabu hicho nikakutana na Mahdi, Shaitan, baraka, karama. Huyu bwana anatuenzi au anatuchezea?

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Yote mawili.

Nyuma ya kitabu ana faharasa ya maneno, na msomaji wa Kiswahili anaipitia huku akicheka, maana maneno ni ya nyumbani ila yamevaa nguo za ugenini. Kwake "baraka" ni mtu mtakatifu aliye hai. "Wali" ni kijana ambaye bado hajajaribiwa. Hadithi imewekwa mwaka 10191 wa kalenda ya huko, kwa hiyo kasoro hizo unaweza kuzisamehe: maneno yamesafiri mno, yamechakaa. Hata sisi tumeyachukua maneno ya Kiarabu tukayageuza tulivyotaka. Pia ana mifereji anayoiita qanat, ambayo wewe mtu wa Oman utaiona ni ndugu wa aflaj zenu, ijapokuwa yake iko wazi juu ya ardhi.

Panaponiuma ni pengine. Utabiri wa mwokozi ambao Wafremeni wanauamini ulipandwa kwao zamani na watawa wa kike kutoka nje, makusudi, ili siku moja uwafae hao wageni. Dini ya watu imegeuzwa mbegu ya siasa. Mwandishi haisifu hila hiyo, anaianika. Ila nimewasikia wengi waliotoka sinema wakimshangilia kijana.

Habari Mwalimu. Niko Marigat, Baringo. Unasifu kitabu cha watu wanaotaka kuotesha majani jangwani. Sisi tulioteshewa. Njoo uone mathenge.

Barua hii ilikuwa fupi kuliko zote na nimekaa nayo siku tatu.

Kwa wasioijua: mathenge ni mti wa miiba wenye asili ya Amerika, uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni na malisho. Ukaota, tena ukaota kupita kiasi. Ukafunga njia, ukameza malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi wanaoyatafuna. Mbegu zinapita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima, kwa hiyo kila mbuzi ni mpanzi. Wananchi walikwenda mahakamani Nairobi na wakampeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwandishi wa riwaya akibuni hilo ataambiwa amezidisha.

Ndugu yangu, kitabu kinakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Mwanaikolojia wa Arrakis, Kynes, amerithi mpango wa baba yake: mitego ya upepo ya kukinga unyevu, nyasi za kushika matuta, na mwisho, baada ya miaka mamia, maji ya wazi. Hesabu zake ni safi. Kisha maadui wanamtupa jangwani bila vazi lake. Anakufa juu ya mchanga unaotokota huku akisikia kichwani sauti ya marehemu baba yake ikimtolea mhadhara. Wazo la mwisho linalomjia ni kwamba baba yake na wanasayansi wengine wote wamekosea, kwamba dunia inaendeshwa na ajali na makosa. Isitoshe, maji ni sumu kwa wale minyoo, na minyoo ndiyo chanzo cha kile kiungo cha kula, chenye ulevi na kinachorefusha maisha, ambacho himaya nzima inakipigania. Ukiotesha majani umeua minyoo.

Na zile nyasi za Oregon? Zilifanya kazi ziliyopewa, halafu hazikusimama. Zimejenga ukuta wa mchanga ufuoni, mchanga mpya haupiti kulisha matuta ya nyuma, na ndege mdogo anayetaga kwenye mchanga mtupu alikosa pa kutagia. Siku hizi watu wanaziondoa kwa tingatinga na dawa. Nyasi zile zile zilizozaa kitabu.

Mimi nakaa mahali ambapo maji ya mji yanatoka chini ya mchanga. Mvua inanyonywa na matuta ya Shela, inatuama chini ikielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi, na visima vinaichota. Kwa hiyo mtu akija hapa na ramani akaniambia tuta ni ardhi iliyokaa bure, iwe anataka kuipanda miti au kuijenga nyumba ya ghorofa, namkaribisha kahawa kwanza. Nikishammiminia namuuliza anadhani maji ya kahawa yametoka wapi.

Mwalimu, nimemaliza cha kwanza. Niendelee na vinavyofuata? Msomaji, Bukoba.

Cha pili, cha 1969, ni chembamba na kichungu, soma. Cha tatu, cha 1976, majani yanaenea na mchanga unarudi nyuma. Cha nne, cha 1981, kinaruka miaka 3,500 mbele na ni kizito, mazungumzo mengi kuliko matendo. Nilikiweka chini mara mbili. Lakini ndimo utakamoiona Arrakis yenye mito na misitu, na jangwa limebaki kipande kimoja kinachohifadhiwa kwa amri. Wafremeni nao wamebaki wa makumbusho. Wanavaa mavazi ya mababu wasiyoyahitaji tena na kuigiza mila wasizozielewa.

Ukurasa huo niliusoma barazani, msimu wa wageni. Pale chini gatini kijana wa mtaani kwetu, niliyemfundisha darasa la saba, alikuwa anavaa kanzu na kofia ya vito juu ya kaptula yake kwa sababu jahazi la watalii lilikuwa linakaribia. Akaniona namtazama. Akanipungia mkono, kisha akairekebisha kofia.