Slow West: kauboi isiyo na mji wala baa

Mkuu, umeuliza kama Slow West (2015) itamfaa mtu aliyekulia kwenye kauboi za zamani. Mimi ni zao la kibanda umiza, kule ambako steringi hafi na risasi haziishi, na mara ya kwanza nilisinzia. Nimeirudia mara mbili tangu hapo.

Jay, dogo wa miaka 16, ametoka Uskoti hadi Colorado mwaka 1870 akimfuata Rose, binti anayempenda. Bunduki haijui. Silas (Michael Fassbender) anakubali kumsindikiza kwa malipo, ila anamficha kwamba binti huyo na baba yake wamewekewa dau la dola 2,000 kwa atakayewanasa.

Bajeti ndogo inaonekana. Colorado yenyewe ni New Zealand, mji hakuna, baa hakuna, na dakika 84 tu imeisha. Lakini ni filamu ndefu ya kwanza ya John Maclean (Fassbender alishamwigizia kwenye zile fupi), na huo uhaba ameutumia vizuri. Angalia lile duka la njiani. Mume na mke wanaingia kupora, wamechoka, njaa imewakaba. Dakika chache baadaye Jay amempiga risasi yule mke. Anatoka nje, anakuta watoto wawili wamesimama kimya wanasubiri wazazi wao. Yeye na Silas wanapanda farasi, wanaondoka. Hapo utoto wa dogo umekwisha, na hakuna aliyetoa hotuba.

Kinachoniudhi ni mapenzi yenyewe. Rose tunamwona kwa vipande vya kumbukumbu, kwa hiyo kiu ya Jay tunaichukua kwa mkopo. Halafu mwongozaji anapenda mno vichekesho vyake; kuna cha chumvi kule mwishoni, ukifika utanikumbuka. Na wale Wakongo watatu wanaoimba kando ya njia, Jay akapiga nao Kifaransa? Wimbo mtamu, sikatai, lakini 1870 Mfaransa na Mbelgiji walikuwa hawajaishika Kongo bado. Hicho Kifaransa walikitoa wapi?

Juzi niliiweka nyumbani. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida macho yake yako kwenye simu, aliiweka chini pale dukani. Filamu ikaendelea, milima, mvua, wasaka dau. Kama nusu saa baadaye akauliza, "Kaka, na wale watoto je?"

Nikamwambia atulie aangalie.