Wawili bila watoto kwenye bustani za burudani: pangeni saa kabla ya kupanga michezo

Swali kwa ufupi: mume na mke, watu wazima wasio na watoto, wanataka likizo ya siku nne au tano kwenye bustani kubwa ya burudani, ila wanahofia kushinda kwenye foleni katikati ya familia na kelele. Waanzie wapi?

Mkuu, anzieni kwenye saa. Wengi huanza na orodha ya michezo, yaani vyombo vya kupanda na kuendeshwa, halafu wanashangaa kwa nini wamefanikiwa michezo minne kwa siku nzima. Familia yenye watoto inafungwa na kalenda ya shule, chakula cha saa sita, usingizi wa mchana na kurudi kulala mapema. Ninyi hamfungwi na lolote kati ya hayo, na hiyo ndiyo faida yenu kubwa kuliko tiketi yoyote ya bei mbaya.

Tarehe kwanza. Angalieni kalenda ya shule ya nchi mnayokwenda, si ya kwenu. Ufaransa hugawa likizo za shule za majira ya baridi na ya machipuko katika kanda tatu, A, B na C, zinazopishana wiki. Ndiyo maana Disneyland Paris inaweza kujaa karibu mwezi mzima, wakati mgeni anadhani likizo ni ya wiki mbili tu. Japani ina Golden Week, wiki ya sikukuu zinazofuatana, kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wiki hiyo iacheni hata mkipata ndege kwa bei nzuri. Florida hupungua watu baada ya Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sababu watoto wamerudi darasani. Lakini Septemba hiyo hiyo ni kilele cha msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na joto bado ni kali. Mimi nachagua siku za mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, katikati ya wiki. Ubaya wake ni kwamba msimu mtulivu ndio wakati wa matengenezo, hasa ya michezo ya maji, na baadhi ya bustani hufunga mapema. Fungueni ukurasa wa matengenezo kwenye tovuti ya bustani kabla ya kulipa chochote. Kama mchezo unaowapeleka huko umefungwa, badilisheni tarehe.

Kuna siku watu wazima huzipuuza bila sababu. Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World huko Florida, kati ya Agosti na Desemba, huwa na usiku wa sherehe za Halloween na Krismasi zenye tiketi yake. Siku hizo mwenye tiketi ya kawaida hutolewa saa kumi na mbili jioni. Familia nyingi huzikwepa kwa sababu zinakosa fataki, kwa hiyo asubuhi na mchana foleni zinakuwa fupi. Ninyi mkiwa na tiketi inayoruhusu bustani zaidi ya moja kwa siku, ingieni hapo asubuhi, mkapumzike, kisha jioni mwende EPCOT, bustani nyingine ya hapo hapo. Mnapata siku nyepesi na usiku kamili.

Sasa bustani yenyewe. Si lazima iwe ile maarufu kuliko zote. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, iko katikati ya mji jirani na stesheni kuu, na uzuri wake hutoka giza likiingia na taa kuwashwa. Mle ndani kuna Rutschebanen, rolakosta (treni ya kupanda na kushuka kwa kasi) ya mbao ya mwaka 1914, ambayo mpaka leo hupandwa na mfanyakazi anayeshika breki kwa mkono safari nzima. Kaeni nyuma yake muone anavyopunguza mwendo kwenye mteremko. Ni kazi ya ufundi hasa. Tokyo DisneySea, ya mwaka 2001, imejengwa kama miji ya bandari, na mvinyo na bia vimeuzwa humo wakati ambapo bustani jirani ya Tokyo Disneyland kwa miaka mingi haikuuza kabisa. Eneo lake la Fantasy Springs lilifunguliwa Juni 2024 na bado linavuta umati, kwa hiyo mkishapita tu getini, fungueni programu ya bustani kwenye simu na mnunue Premier Access, tiketi ya foleni ya haraka, ya mchezo mnaoutaka kabla ya kutafuta kahawa. Wapenda chakula wataikubali Europa-Park ya Rust, Ujerumani, yenye mgahawa wa Ammolite uliopewa nyota mbili na Michelin, mwongozo maarufu wa migahawa. Wapenda mwendo waende Islands of Adventure, bustani ya Universal huko Florida, kwa ajili ya rolakosta ya VelociCoaster na ile ya pikipiki ya Hagrid wa hadithi za Harry Potter. Halloween Horror Nights, usiku wa mambo ya kutisha wa Universal, nayo imetengenezwa kwa watu wazima. Wenyewe wanatahadharisha kwamba haiwafai walio chini ya miaka 13. Tiketi yake ni ya pekee, na usiku wa Jumatano au Alhamisi ni afadhali mara nyingi kuliko Jumamosi.

Umbo la siku ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Fikeni getini dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Chezeni kwa nguvu mpaka saa tano au saa sita, tokeni, mkaoge na kulala hotelini, mrudi saa kumi na moja jioni mkae mpaka kufungwa. Saa mnazozikimbia, saa saba mpaka saa kumi, ndizo za jua kali, foleni ndefu na watoto waliochoka wanaolia. Mpango huu unasimama au kuanguka kwa umbali wa hoteli. Ikiwa kurudi chumbani kunachukua zaidi ya nusu saa, hamtarudi, hata mkiapa. Kwa hiyo kama bajeti inabana, punguzeni ukubwa wa chumba, msipunguze ukaribu. Hoteli zilizo ndani ya Walt Disney World huwapa wageni wake nusu saa ya kuingia mapema kila siku, na zile za daraja la juu huongezewa saa mbili za usiku katika siku fulani za wiki. Saa mbili hizo wengi wenye watoto hawazitumii, kwa sababu watoto wameshalala.

Foleni zinahitaji kueleweka. Mchezo una uwezo wake wa kubeba watu kwa saa: mkubwa huweza kupitisha watu 2,000, mdogo mamia tu. Kwa hiyo asubuhi msikimbilie mchezo ulio karibu na geti wala ule mkubwa. Kimbilieni ule unaotakwa na wengi lakini unabeba wachache, kwa sababu ndio foleni yake itavimba na haitapungua tena. Kwenye mchezo wa treni mbili, moja ikitolewa kwenye reli kwa hitilafu, muda wa kusubiri unakaribia kuongezeka maradufu bila mtu mpya kuingia. Mkiona muda umeruka ghafla, ondokeni mrudi baadaye. Radi ikipiga, michezo ya nje hufungwa na watu hukimbilia ya ndani. Ninyi fanyeni kinyume: kaeni mahali pakavu karibu na mchezo wa nje, kwa maana ukifunguliwa tena dakika za kwanza huwa hakuna watu. Gwaride na fataki nazo huvuta umati. Tazameni mara moja, na usiku mwingine zitumieni kuchezea.

Dakika za mwisho ni dhahabu. Kwa kawaida, aliyeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga hupanda, hata kama imebaki dakika moja. Muda unaoandikwa kwenye kibao usiku mara nyingi huwa mkubwa kuliko muda halisi. Mchezo mnaoutamani kuliko yote uwekeni hapo.

Foleni ya mtu mmoja mmoja imewekwa kwa ajili ya kujaza viti vinavyobaki, na wawili mnaweza kuitumia ila hamtakaa pamoja. Mnaachana mlangoni, mnakutana njia ya kutokea. Inakwenda vizuri zaidi kwenye mabehewa yenye viti vitatu kwa safu, kwa sababu kila jozi inaacha kiti kimoja tupu. Ina kasoro mbili: mara nyingi inaruka vyumba vya maonyesho ya utangulizi, na ikijaa wafanyakazi huifunga. Kwa hiyo mara ya kwanza pandeni pamoja kwa foleni ya kawaida muone kila kitu. Za kurudia, tumieni hiyo.

Kuhusu kulipia foleni ya haraka: ina maana mkiwa na siku moja tu kwenye bustani iliyojaa. Mkiwa na siku tatu katika msimu mtulivu na mkafuata umbo la siku nililoeleza, mnapoteza hela. Kwa Walt Disney World, Lightning Lane Multi Pass, tiketi yao ya foleni ya haraka, hukuruhusu kuchagua michezo mitatu mapema, siku 7 kabla kwa wageni wa hoteli zao na siku 3 kwa wengine, dirisha likifunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Wa nje ya Marekani hesabuni tofauti ya saa, maana wengi huingia wakati nafasi nzuri zimekwisha. Universal kuna njia nzuri zaidi kwa wawili: hoteli za Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific zinawapa wageni Express, foleni ya haraka ya Universal, bila malipo ya ziada, siku ya kuingia na siku ya kutoka pia. Lala usiku mmoja, unapata siku mbili. Linganisheni bei ya usiku huo na bei ya Express ya watu wawili kwa siku mbili, mara nyingi chumba kinashinda. Kumbukeni tu kwamba haifanyi kazi Epic Universe, bustani yao nyingine iliyofunguliwa Mei 2025.

Meza ya watu wawili ndiyo rahisi kuliko zote kuipata. Walt Disney World hufungua nafasi za migahawa siku 60 kabla, na mgeni wa hoteli anaweza kuweka za kukaa kwake kote, mpaka siku 10, kwa mkupuo mmoja. Anzeni na siku za mwisho za safari, kwa kuwa wasiolala hotelini mwao hawajafunguliwa siku hizo. Mkikosa, msikate tamaa: watu hufuta siku moja kabla na asubuhi yenyewe, na kinachoachwa wazi mara nyingi ni meza ndogo. Kama mnataka usiku mmoja wa heshima bila mtoto hata mmoja wa miaka mitano karibu, mgahawa wa Victoria & Albert's wa Walt Disney World haupokei walio chini ya miaka 10, na una masharti ya mavazi. Siku hiyo msipange kitu kingine jioni. Mlo wake ni wa saa kadhaa.

EPCOT wengi huenda kunywa kuzunguka mabanda ya nchi 11. Mzunguko ule una urefu wa karibu kilomita 2, na kwa kawaida hufunguliwa saa tano asubuhi. Kinachoharibika ni kutaka kinywaji kimoja kila banda, juani, tumbo tupu. Kufika banda la sita mmoja wenu ana kichwa kinauma na jioni imekufa. Gawaneni kinywaji kimoja watu wawili, chagueni mabanda manne au matano, kuleni sahani ndogo kila kituo, na katikati ombeni maji ya barafu kwenye vibanda vya chakula, hutolewa bure. Michezo ya kuzungusha iishe kabla ya glasi ya kwanza.

Mwili. Tarajieni hatua 20,000 au zaidi kwa siku. Viatu viwe vimevaliwa wiki mbili nyuma, visiwe vipya. Chukueni soksi za kubadilisha mchana, kwa sababu unyevu huzidisha msuguano unaoleta malengelenge. Pakeni mafuta ya kuzuia kuchubuka mapajani asubuhi, wanaume pia. Pawabenki ya 10,000 mAh inawatosha wote wawili, na inahitajika kweli, maana programu ya bustani hula betri. Mkoba uwe mdogo wa kuvaa kifuani wenye zipu. Rolakosta kali hukataa mifuko, na baadhi zina mashine ya kukagua chuma inayokamata hata sarafu mfukoni.

Kwa anayepata kichefuchefu: michezo ya skrini husumbua kuliko rolakosta, kwa sababu macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi. Fumbeni macho sekunde chache, kizunguzungu hutulia. Vidonge vya meklizini humezwa saa moja kabla, havitibu vizuri baada ya kuanza, na huleta usingizi unaozidi vikichanganywa na pombe. Muulizeni mfamasia kama mna dawa nyingine. Mwenye kifua au nyonga kubwa ajaribu kiti cha mfano kilichowekwa nje ya mlango wa mchezo. Kukataliwa na mkanda mbele ya watu baada ya saa nzima ya kusimama kunaumiza, na kunaepukika kwa dakika moja.

La mwisho linahusu ninyi wawili. Kabla ya kununua chochote, kila mmoja aandike peke yake mambo matatu anayoyataka kweli na moja asilolitaka kabisa, kisha mbadilishane karatasi. Mara nyingi mmoja anataka rolakosta na mwingine anataka kukaa, kula na kutazama watu. Yale sita yawekwe kwenye ratiba kwanza, mengine yajaze nafasi. Asiyetaka mchezo mkali asisukumwe. Baadhi ya bustani zina mahali pa kumsubiri mwenzako karibu na njia ya kutokea, muulizeni mfanyakazi wa mlangoni. Ugomvi mwingi wa safari hizi hutokea kati ya saa nane na saa tisa mchana, watu wakiwa na njaa na miguu inauma. Kuleni saa nne na nusu asubuhi, kabla ya msongamano, na mmoja akisema amechoka, mnatoka siku hiyo bila mjadala.