Maswali ya Wasomaji: Pampu ya joto inayogonga asubuhi na kunyamaza fundi akifika

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Tunaishi Portland, katika jimbo la Maine nchini Marekani, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe aliifungia pampu ya joto kabla ya baridi kuanza. Kifaa cha nje kimeshikizwa kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Usiku husikika mlio wa "shwaaa" kama tairi linalotolewa upepo, kisha joto hukatika kwa dakika kadhaa na moshi mweupe hupanda mbele ya dirisha. Asubuhi nyingine kitu hugonga ko-ko-ko-ko hadi karibu na adhuhuri, halafu kimya. Fundi amekuja mara mbili, zote alasiri, asisikie chochote, na sasa mwenye nyumba anadhani tunatunga. Tufanyeje?
Mama wa watoto watatu, Portland

JIBU: Mama, hamtungi. Kila fundi wa mashine za baridi anaijua adha hii: mashine hunyamaza yeye anapobisha hodi, kama mtoto aliyekohoa usiku kucha akatulia mbele ya daktari. Ninaloliona katika barua yako ni kwamba zimeunganishwa sauti mbili zisizo na asili moja, na huenda ndiyo sababu malalamiko yenu hayakueleweka.

Tuanze na "shwaaa", ambayo haina ubaya. Pampu ya joto huchota joto kutoka katika hewa ya nje hata kukiwa na baridi, na ili iweze kufanya hivyo, mabomba yake ya nje hayana budi kuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Unyevu wa hewa ukiyagusa huganda na kuwa jalidi, na jalidi ikizidi hewa haipiti. Hapo mashine hujigeuza yenyewe: vali hubadilisha mwelekeo wa gesi inayobeba joto ndani ya mabomba, gesi ya moto ikaenda nje kuyeyusha jalidi, feni ya nje ikasimama, na kifaa cha ndani kikaacha kupuliza ili kisiwamwagie hewa baridi. Mlio mnaousikia ni wa gesi yenye mgandamizo mkubwa ikikimbilia upande wenye mgandamizo mdogo vali inapogeuka, na huo mnaouita moshi ni mvuke wa maji tu. Kwa kawaida shughuli nzima huisha kabla ya dakika kumi.

Hali hii hufuata hali ya hewa. Siku ya theluji yenye majimaji, joto la nje likiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, inaweza kurudi kila baada ya saa moja au chini ya hapo, ilhali usiku wa baridi kali na kavu huwa nadra, kwa kuwa hewa kavu haina unyevu mwingi wa kugandisha. Kama barafu nene inabaki kwenye mapezi, yale mabati membamba yanayozunguka mabomba ya nje, hata baada ya mashine kujiyeyusha, na nyumba haipati joto kama zamani, hapo ndipo pana sababu ya kuita fundi.

Kugonga ni jambo jingine, na dhana yangu ya kwanza ni barafu. Maji ya jalidi iliyoyeyuka huangukia kwenye sinia la chini la kifaa cha nje na hupaswa kutoka kupitia matundu yake. Matundu yakizibwa na majani, au gata la paa likidondoshea maji juu ya mashine, maji hutuama, huganda, na barafu hupanda tabaka juu ya tabaka hadi mapanga ya feni yanaigusa. Jua likipanda, barafu hupungua na kugonga kunakoma, na fundi wa alasiri hukuta sinia lenye maji tu, akaaga.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Asubuhi kunapogonga, subirini "shwaaa". Feni ya nje ikisimama na kugonga kukakoma papo hapo, kisha kukaanza tena inapozunguka, mshtakiwa ni feni na kinachoigusa. Kukiendelea hali feni imesimama, tazameni kwingine: kifuniko kilicholegea skrubu, bomba la shaba linalogusa ukuta, au mipira ya kuzuia mtikisiko iliyokazwa vibaya. Kompresa ya mashine hizi, yaani mtambo unaoigandamiza gesi, hubadilisha kasi kulingana na baridi, kwa hiyo kitu kilicholegea kinaweza kutetema kwenye kasi moja tu na kutulia kwenye nyingine zote. Ndiyo maana sauti ya namna hiyo huweza kuonekana haina mpango, kumbe inao.

Andikeni kwa siku tano: saa, joto la nje, na kama feni ilikuwa ikizunguka. Pigeni video ya simu inayoonyesha feni yenyewe. Kisha mwombeni mwenye nyumba amlete fundi saa moja asubuhi, naye akague matundu ya sinia, gata lililo juu yake, na hita ya sinia kama aina hiyo ya mashine inayo. Msichokonoe barafu kwa kisu wala bisibisi, kwani mapezi ya alumini na mabomba ya shaba hutoboka kwa urahisi. Mkiona panga linagonga barafu, zimeni mashine hadi ishughulikiwe. Na fundi akidai kwamba gesi imepungua, muulizeni cheti, maana nchini Marekani kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi kinamtaka anayefungua mfumo wa gesi awe nacho.

SWALI: Niko Bergen, Norwei. Kiangazi tunapotumia pampu ya joto kupoza nyumba, kifaa cha ndani hutoa sauti ya "bloko-bloko", lakini nikiwa napika tu. Je, kuna uhusiano?
Msomaji, Bergen

JIBU: Upo, tena wa moja kwa moja. Feni ya kufyonza moshi wa jikoni hutoa hewa nje, na nyumba iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi haina pa kuirudishia, hivyo hewa hupenya kupitia bomba la kutolea maji la kifaa cha ndani na kutokota ndani ya maji yaliyomo. Wakati wa sauti, fungua dirisha. Ikikoma, umepata jibu, na unaweza kuendelea kupika dirisha likiwa wazi kidogo au kumwomba fundi aweke kwenye bomba hilo vali ndogo inayopitisha maji na kuzuia hewa kurudi.