Maswali ya Wasomaji: Kura ya Maine na Ndoa ya Mwanangu

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama niliyetoka Kivu Kusini nikapokelewa kama mkimbizi hapa Portland, katika jimbo la Maine, na sasa ni raia wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura. Mwanangu wa pili anataka kufunga ndoa na mwanamume mwenzake, kijana ambaye nimemzoea kwa kuwa huja kula kwetu kila Jumapili. Nimekubali, ingawa haikuwa rahisi. Kinachonitia hofu ni maneno ya mfanyakazi mwenzangu kwamba haki hiyo iliwahi kupitishwa hapa mwaka 2009, kisha wananchi wakaifuta kwa kura, na kwamba wapo wanaotaka ifutwe tena nchi nzima. Walioshindwa wakati ule walifanya nini? Ndoa ya mwanangu inaweza kutenguliwa baadaye? Mtu kama mimi anaweza kusaidia nini? Na je, ni kweli kama asemavyo mchungaji wetu, kwamba kanisa litalazimishwa kuifungisha?

Mama wa Portland

JIBU

Mama, tunakushukuru kwa barua yako. Mwenzako amesema kweli. Bunge la Maine lilipitisha sheria ya ndoa ya watu wa jinsia moja, na Gavana John Baldacci, ambaye hapo awali alikuwa ameipinga, akaitia saini tarehe 6 Mei 2009. Hata hivyo, katiba ya jimbo lenu inawapa wananchi kura ya turufu: wakikusanya sahihi za kutosha ndani ya siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa, sheria mpya husitishwa hadi wapiga kura waamue. Sahihi zilipatikana, sheria ikasitishwa kabla haijaanza kutumika, na tarehe 3 Novemba 2009 ikafutwa kwa takribani asilimia 53 dhidi ya 47. Hakuna hata ndoa moja iliyokuwa imefungwa chini yake.

Kushindwa huko kuliuma zaidi kwa sababu wengi waliamini kwamba hoja yao ilikwisha kueleweka. Mwezi Aprili mwaka huo, katika kikao cha Bunge cha kusikiliza maoni mjini Augusta, alisimama mzee wa miaka 86 aitwaye Philip Spooner, aliyezaliwa katika shamba la viazi kaskazini mwa jimbo, mfuasi wa chama cha Republican maisha yake yote na askari wa Vita Kuu ya Pili. Alieleza kwamba mwanamke mmoja kituoni pa kupigia kura alimuuliza kama anaamini usawa wa mashoga na wasagaji, naye akamjibu kwa kumuuliza alidhani yeye alipigania nini kule pwani ya Omaha. Akaongeza kwamba yeye na mkewe hawakulea wana wanne ili watatu wawe na haki na mmoja akose. Ushahidi wake ulisambaa nchi nzima, na miezi sita hivi baadaye kura ikapotea vilevile.

Ilipoteaje? Hapa inafaa kutazama California, iliyopata pigo kama hilo mwaka mmoja kabla, tarehe 4 Novemba 2008, kwa kura iliyojulikana kama Pendekezo la 8, iliyopiga marufuku ndoa hizo jimboni humo. Mshauri wa kampeni ya wapinzani, Frank Schubert, alikuwa ndiye huyohuyo katika majimbo yote mawili, na silaha yake kubwa ilikuwa ileile: matangazo ya televisheni yaliyowaambia wazazi kwamba watoto wao watafundishwa shuleni habari za ndoa hizo. David Fleischer, aliyeichambua kwa kina kura ya California, aliona kwamba katika majuma ya mwisho waliobadilisha msimamo kwa wingi zaidi walikuwa wazazi wenye watoto wadogo nyumbani. Waunga mkono walikuwa wakiwajibu kwa hoja za katiba na usawa, ilhali mzazi aliyeketi mbele ya televisheni alikuwa akiwaza mtoto wake wa darasa la pili. Hofu yake ilichelewa kujibiwa.

Kuna jambo lingine la California ambalo sisi Waafrika tunaoishi Marekani tunapaswa kulijua. Kesho yake tu, watu walianza kutafuta mchawi, na kidole kikaelekezwa kwa wapiga kura weusi, kwa sababu mahojiano yaliyofanywa milangoni mwa vituo yalidai kwamba asilimia 70 kati yao waliunga mkono marufuku. Miezi miwili baadaye wataalamu Patrick Egan na Kenneth Sherrill walionyesha kwamba kiwango hicho kilikuzwa, kwamba kilicho karibu na ukweli ni kama asilimia 58, na kwamba tofauti iliyobaki ilielezwa kwa sehemu kubwa na desturi ya kwenda kanisani mara kwa mara, jambo ambalo huwaathiri wazungu pia. Kufikia hapo matusi yalikwisha kutolewa, na watu weusi waliokuwa wameipigania haki hiyo walikwisha kutukanwa na wenzao. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa upotevu mkubwa kuliko kura yenyewe, kwa kuwa kura hupigwa tena lakini jirani uliyemtukana hasahau upesi.

Maine walichukua njia nyingine. Hawakukimbilia uchaguzi wa mwaka 2010, ingawa wapo waliotaka hivyo. Shirika la EqualityMaine na washirika wake waliwatuma watu wa kujitolea kubisha hodi nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta hasa waliopiga kura ya kupinga lakini wakaonekana kuwa na mashaka. Anayebisha hodi hakutakiwa kushinda mjadala. Alimuuliza mwenye nyumba kuhusu ndoa yake mwenyewe, alioa au kuolewa kwa nini, na je, anamfahamu mtu yeyote anayependa wa jinsia yake. Kisha akanyamaza asikilize, na mwishowe akasimulia habari za maisha yake. Utafiti wa wakati ule ulikuwa umebaini kwamba wapiga kura wengi, walipoulizwa watu wa jinsia moja wanataka ndoa kwa ajili gani, walitaja bima na kodi, lakini walipoulizwa kuhusu ndoa zao wenyewe walitaja upendo na ahadi. Kwa miaka mingi kampeni zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwahubiria bima na kodi. Lugha hiyo ikaachwa.

Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa: badala ya kungoja wapinzani, waunga mkono wenyewe walikusanya sahihi ili kuipeleka ndoa kwenye kura. Zilihitajika zaidi ya 57,000, na zilizothibitishwa zilizidi 85,000. Tarehe 6 Novemba 2012 walishinda kwa takribani asilimia 53 dhidi ya 47, siku ileile ambapo Maryland na Washington nazo zilipiga kura ya kukubali. Ni haki kueleza kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, wenye wapiga kura wengi na vijana zaidi, na kwamba Dayosisi ya Katoliki ya Portland, iliyokuwa mstari wa mbele mwaka 2009, safari hii iliamua kutofanya kampeni rasmi. Mazungumzo ya milangoni hayakufanya kazi peke yake. Tarehe 29 Desemba 2012 ukumbi wa jiji lako ulifunguliwa saa sita usiku ili wa kwanza wafungishwe ndoa.

Sasa nakuja kwenye hofu yako. Tangu tarehe 26 Juni 2015, kwa hukumu ya kesi ya Obergefell iliyoamuliwa na majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama Kuu ya Marekani, ndoa hizi ni halali katika majimbo yote. Ni kweli kwamba Jaji Clarence Thomas aliandika mwezi Juni 2022 kwamba hukumu hiyo ifikiriwe upya, lakini aliandika hivyo peke yake, na Novemba 2025 mahakama hiyo ilikataa kusikiliza rufaa ya karani wa zamani wa Kentucky aliyetaka ifutwe. Hata ikifutwa siku moja, sheria ya Maine ya mwaka 2012 ingebaki, kwa kuwa haitegemei hukumu hiyo. Kura ya turufu haiwezi kuigusa tena kwa sababu si sheria mpya; ingebidi Bunge liifute au wananchi waanzishe sheria nyingine. Aidha, sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 13 Desemba 2022 inayataka majimbo yote kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine. Kuhusu ndoa zilizokwisha kufungwa, mfano wa California unatia moyo: Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilikubali marufuku mwezi Mei 2009, lakini ndoa takribani 18,000 zilizotangulia ikaziacha zikiwa halali.

Unachoweza kufanya ni kile kilichowashinda wengi mwaka 2009, yaani kuzungumza na wazazi wenzako wenye hofu, kwa Kiswahili, katika nyumba ambazo wenye kampeni hawakuwahi kubisha hodi. Wewe unaijua hofu yao kwa kuwa ilikuwa yako. Ila mwombe kwanza mwanao ruhusa, kwa sababu habari zake si zako kuzitangaza, na katika jumuiya zetu habari husafiri hadi Uvira kabla ya jioni.

Mchungaji wako amekosea, na unaweza kumweleza hivyo kwa heshima. Sheria waliyoipigia kura wananchi wa Maine inasema wazi kwamba kiongozi wa dini asilazimishwe kufungisha ndoa inayopingana na imani yake. Mwanao na mwenzake wanaweza kufungishwa ndoa na mtu mwenye leseni ya jimbo ya kufungisha ndoa. Wataanzia ofisi ya jiji, ambako leseni ya ndoa hudumu siku 90, na watahitaji mashahidi wawili. Hakuna sheria inayomzuia mama mzazi kuwa mmoja wao.