Je, kiongozi mteule asubiriwe kabla ya kuhukumiwa?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama kiongozi mteule anayepingwa na wengi apewe nafasi kwanza, au ahukumiwe hata kabla ya kuapishwa. Kwa maoni yangu, ushindi wake wa halali uheshimiwe na utawala wake usihukumiwe kabla haujaanza. Lakini maneno aliyoyatamka katika kampeni, pamoja na watu anaowateua kuongoza wizara, ni mambo yaliyokwisha kutendeka, na raia ana haki ya kuyapima sasa hivi. Desemba 2015, Donald Trump alitaka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani, na wengi wakayachukua maneno yale kuwa ya jukwaani tu. Aliapishwa tarehe 20 Januari 2017, na ilipofika tarehe 27 alikuwa ameshatia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi. Waliosema asubiriwe walisubiri wiki moja. Ukimpinga kiongozi wako, mpinge kwa analolitenda, wala si kwa dini au kabila lake (hili huniumiza sana ninapoliona), na akitenda jema, likiri waziwazi hata kama hukumpigia kura.