Shangazi, nirudi lini majini?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, naishi Igogo hapa Mwanza, nina watoto 3, mkubwa yuko kidato cha 3. Wiki 5 zilizopita nilipasuliwa tumbo nikatolewa kizazi, kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu miaka 2 mfululizo. Kidonda cha nje kimefunga, ila siku mojamoja bado naona ute wa kahawia. Mimi nimezaliwa Nansio, na marehemu baba alinifundisha kuogelea kabla sijaanza darasa la kwanza. Hapa mjini kila Jumamosi nilikuwa naenda na shoga zangu 2 kwenye bwawa la hoteli. Ndiyo saa yangu pekee ya wiki ambayo hakuna anayeniita. Sasa wao wananihimiza nirudi, wanasema maji yale yana dawa, yatakausha kidonda. Mawifi zangu wanasema nisithubutu tena maishani, mwanamke asiye na kizazi yuko wazi, maji yatamjaa tumboni. Mume wangu hasemi kitu, ananitazama tu. Binti wa kazi aliondoka wiki iliyopita, nimeanza kuchota maji mwenyewe na sijaona shida, ndiyo maana najiona nimepona. Desemba tunakwenda kwetu Ukerewe na natamani kuingia ziwani. Niende au niache? Mama wa Igogo."

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Miaka 2 ya kumwaga damu si mchezo, na barua yako nimeisoma mara 3.

Jumamosi hii usiende. Majini utarudi, ila atakayekufungulia njia si shoga, si wifi, na wala si mimi. Ni daktari aliyekupasua, au mwenzake wa kliniki, baada ya kukuangalia ndani.

Nasema ndani kwa sababu wewe una vidonda 2, na unachokitazama kila ukioga ni kile chenye maana ndogo. Kizazi kinapotolewa pamoja na mlango wake, uke hubaki wazi kwa juu, na daktari huufunga kwa nyuzi kama tunavyoshona mdomo wa gunia la mpunga. Nyuzi hizo hakuna anayekuja kuzitoa. Huyeyuka zenyewe kwa wiki kadhaa huku nyama ikishikana, na ule ute wa kahawia unaouona ni dalili kwamba kazi hiyo bado inaendelea. Mshono huo ukikauka sawasawa unakuwa ukuta. Maji ya bwawa hayapiti, hayajai tumboni, mwaka huu wala mwaka wa 20 kutoka sasa. Mawifi zako waambie hivyo kwa upole, kwa sababu nadhani wanaogopa kukupoteza, na hofu imekosa maneno mazuri. Ila lile neno kwamba uko "wazi" usilibebe moyoni. Ulitolewa kiungo kilichokuwa kinakumaliza damu. Hujapungua.

Shoga zako nao wana nia njema na wamekosea. Klorini huwekwa bwawani ili watu wasiambukizane vijidudu. Haikutengenezwa kutibu kidonda. Mshono wa ndani ukiwa bado mbichi, vijidudu vinaweza kupanda hadi pale, na ukioza nyuzi zinalegea. Ndiyo sababu madaktari wengi husema subiri mpaka ute ukatike kabisa, vidonda viwe vimefunga, na uwe umepita kliniki ya wiki ya 6 au zaidi. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo huenda akawahi kidogo. Wewe umepasuliwa tumbo, kwa hiyo usijipime kwa jirani aliyerudi mapema.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kilichonishtua kwenye barua yako si bwawa. Ni ndoo.

Umeiandika kama jambo la kupita: binti ameondoka, unachota maji mwenyewe, huoni shida. Mwanangu, ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na wewe unaishi Igogo, mahali ambapo kutoka bombani mpaka mlangoni mtu anapanda mawe. Unapoinama, ukajikaza, ukaitwika, tumbo zima linasukuma chini, na kilicho chini ni ule mshono wa gunia. Mara chache, lakini hutokea, mshono huo huachia. Ukiachia unarudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Na kutosikia maumivu si kipimo, kwa sababu sehemu ile ya juu ya uke haina hisia kali kama ngozi ya nje. Nyumba nzima imekaa ikijadili kama kuogelea kutakuua, na asubuhi yake inakuacha unapanda kilima na ndoo kichwani! Hilo limeniuma kweli. Kuanzia leo usinyanyue chochote kizito kuliko birika la chai lililojaa, mpaka daktari aseme. Mtoto wa kidato cha 3 ana mgongo mzima. Mumeo ana mikono. Kama fedha ipo, mlipeni kijana wa mtaani alete maji kwa mwezi huu. Choo kigumu nacho husukuma vilevile, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, kula mapapai, usijikamue.

Na kuhusu chumbani hukuniuliza, lakini mshono ni huohuo na ruhusa ni hiyohiyo. Msubiri daktari aangalie kwanza.

Siku ya kliniki usikubali kuulizwa "unaendeleaje" ukajibu "vizuri" ukapewa tarehe nyingine. Mwombe aangalie mshono wa ndani kwa macho yake. Muulize kama mlango wa kizazi ulitolewa au ulibaki, na kama vifuko vya mayai vipo, maana vikiwa vimetolewa vyote viwili unaweza kuanza kusikia joto la ghafla na jasho la usiku, na ni vizuri ulijue mapema. Uliza majibu ya nyama iliyopelekwa maabara. Halafu omba wapime wingi wa damu. Mtu aliyevuja miaka 2 anaweza kuwa na damu pungufu hadi leo, akasikia kizunguzungu akiwa katikati ya bwawa, na maji hayamsubiri mtu apate fahamu. Ukiambiwa damu ni kidogo, meza vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa, kula dagaa na matembele, na chai isogeze mbali na chakula, kwa sababu inazuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri.

Tarehe ya kliniki usiingoje ukiona homa, ute unaonuka, damu nyekundu inayolowesha pedi, maji yanayotiririka ghafla kutoka ukeni, kitu kinachochomoza huko chini, au maumivu makali ya tumbo. Vivyo hivyo kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikibana, kwa sababu baada ya upasuaji damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Sasa tuseme umepewa ruhusa, na Jumamosi imefika. Usiruke. Shuka kwa ngazi, tembea kwanza kwenye maji ya kifuani, sikiliza tumbo linasemaje. Dakika 10 au 15 zinatosha siku hiyo. Mtindo wa chura, ule wa kupanua miguu na kuibana kwa nguvu, uache kwanza. Anza na kuelea na kupiga miguu taratibu. Kinachosahaulika na wengi ni kutoka. Wewe uliyekulia Nansio najua unaweka viganja ukingoni unajirusha juu kama kijana. Kule kujinyanyua ni ndoo nyingine, mwanangu. Toka kwa ngazi. Jioni hiyo ukiona damu au mvuto mzito chini, pumzika na urudi kwa daktari kabla ya Jumamosi inayofuata.

Ziwani ni habari nyingine, na sababu kubwa si upasuaji. Ni kichocho. Baba yako alikufundisha kwenye maji yaleyale yenye konokono wanaokaa kwenye majani ya kando, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi nzima, isiyo na mchubuko wowote, ndani ya dakika chache. Huwa vingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi inapokwenda mchana, yaani saa zilezile watu wanazopenda kuogelea. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Kama umekuwa ukiingia ziwani miaka yote hii, mwambie daktari hukohuko kliniki. Kipimo kipo, na dawa ya prazikwanteli ipo.

Kwa hiyo Desemba nenda Nansio. Kama tumbo limekwisha pona na moyo unalilia ziwa, kaa mbali na matete, kwa sababu ya konokono na kwa sababu ya mamba, na waulize wavuvi wa pale kabla hujalowesha mguu. Usiingie peke yako, na usipande mtumbwi kutokea majini. Halafu rudi upimwe kichocho wiki kadhaa baadaye.

Mumeo anayekutazama bila kusema, nahisi ana swali moja na anaogopa kukuumiza nalo. Nenda naye kliniki. Akae kiti cha pembeni, amuulize daktari mwenyewe, na mkirudi nyumbani ndoo aibebe yeye.