Ringi ya sili: kilicholiwa ni kobalti
Umeuliza kwa nini ringi ya sili (kizuizi cha kuvuja kwenye mhimili) ya kabaidi ya tungsteni kwenye pampu ya maji ya bahari imechimbika ilhali ni ngumu kuliko mchanga. Iangalie kwa lenzi: mistari ya duara ni kazi ya mchanga; uso uliofifia wenye vishimo ni kutu. Hapo kabaidi yenyewe haijaguswa. Imeliwa kobalti, metali inayoshika pamoja punje za kabaidi, mara nyingi asilimia 6 hivi ya uzito, kisha punje zikabanduka na kugeuka msasa. Agiza ringi yenye nikeli badala ya kobalti. Kwa asidi kali, nikeli na kromiamu. Ugumu utapungua kidogo tu. Na usiwashe pampu kavu, joto la ghafla huipasua ringi yoyote ya kabaidi hii.